Nimepoteza kazi na nyumba ya kampuni kwa pamoja. Nikatae kutoka?

SWALI: Wakili, salamu. Nina miaka 43, kwetu ni Arua. Kwa miaka 11 nimekuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha shamba moja la chai huku Mityana, Uganda. Juma lililopita tulipewa barua watu 26 kwamba nafasi zetu zimefutwa, kampuni inapunguza gharama. Barua inasema nirudishe funguo za nyumba ndani ya siku 7, nitie sahihi fomu, ndipo nilipwe mshahara wa mwezi mmoja. Hapa nina mke na watoto wanne, na wa kwanza yuko P7 (darasa la saba), anangoja PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Jamaa mmoja wa hapa senta ananiambia nisitoke. Anasema nikiwa ndani ya nyumba kampuni haiwezi kunifukuza, na kwa kuwa nimekaa zaidi ya miaka kumi nimeshakuwa mwenye kibanja, yaani mkaazi anayelindwa na sheria kwenye ardhi ya mwingine. Anataka shilingi 400,000 afungue faili, na anasema pesa zangu za NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, pia anaweza kunitolea. Nikatae kutoka?

JIBU: Ndugu yangu, hizo 400,000 zibaki mfukoni mwako. Utazihitaji kulipia muzigo, yaani chumba cha kupanga.

Nianze na kibanja, kwa sababu habari hii imenichosha masikio. Kila shamba linapopunguza watu, haipiti wiki anatokea mtu chini ya mwembe na mkoba wa karatasi, na jambo la kwanza analowauzia wafanyakazi ni kibanja. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mwingine na kuitumia bila kusumbuliwa na mwenye hati kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995. Hesabu mwenyewe. Katiba ilianza kazi Oktoba 1995. Rudi nyuma miaka 12, uko 1983. Mwaka huo wewe ulikuwa mgongoni mwa mama yako Arua. Na hata kama ungekuwa mzee wa miaka 80 uliyezaliwa papo hapo kwenye laini za wafanyakazi, sheria hiyohiyo inasema wazi kwamba aliyekaa kwa ruhusa ya mwenye ardhi hahesabiwi. Wewe uliwekwa pale na mwajiri, kwa barua, kwa sababu mitambo ikiharibika saa nane za usiku lazima fundi awe karibu. Hiyo ni ruhusa, na ruhusa inayotokana na kazi hufuata kazi.

Hilo la kwamba ukiwa ndani huwezi kufukuzwa kazi ni hadithi tu. Ajira yako haiko kwenye kitasa cha mlango.

Kuna jambo moja tu la kuangalia kabla hatujaiacha habari ya nyumba: karatasi zako za mshahara. Kama kila mwezi ulikatwa pesa za kodi ya nyumba, au ulitia sahihi mkataba wa upangaji mbali na barua ya ajira, unaweza kuwa mpangaji kamili, na mpangaji hatolewi bila amri ya mahakama. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inamlinda. Kama hukukatwa kitu, wewe ni mkaazi wa ruhusa. Hata hivyo mkaazi wa ruhusa anastahili muda wa kutosha kuhama, na meneja hana haki ya kung'oa mlango au kukata maji watoto wakiwa ndani. Andika barua fupi leo: taja kwamba una mtoto wa P7, taja tarehe ya mwisho ya PLE, omba mkae hadi siku chache baada ya hapo. Nakala mpelekee afisa wa kazi wa wilaya. Nimeona mameneja wagumu wakikubali ombi la namna hii, mradi limeandikwa kwa heshima na lina tarehe ya kuondoka. Asichokubali meneja ni mtu anayesema "sitoki".

Sasa tuje kwenye pesa, maana huko ndiko unakoibiwa wakati macho yako yako kwenye funguo.

Umefanya kazi miaka 11. Sheria ya Ajira inasema aliyetumikia miaka 10 au zaidi apewe notisi isiyopungua miezi mitatu, au alipwe badala yake. Wao wanakupa mwezi mmoja, kiasi cha mtu wa mwaka mmoja hadi mitano. Miezi miwili imepotea njiani, na hilo si kosa la karani. Unaweza kuwaambia hivi: mnipe notisi ya miezi mitatu nikiwa kazini na nikiwa kwenye nyumba yangu, au mnilipe miezi mitatu yote tukubaliane siku ya kutoka. Ukiliweka hivyo, suala la nyumba na suala la pesa yanakuwa mazungumzo mamoja, na wewe ndiye unayeyaanzisha.

Yaliyolimbikizwa, yaani siku ulizofanya kazi mwezi huu na likizo ambayo hukwenda (haki yako ni siku 21 kwa mwaka), yanapaswa kulipwa ndani ya siku 7 tangu ajira kwisha. Sheria haisemi "baada ya kurudisha funguo". Haisemi "baada ya kutia sahihi fomu". Na hiyo fomu, ndugu yangu, isome neno kwa neno, hasa mstari wa chini ulioandikwa kwa herufi ndogo. Mara nyingi unasema umelipwa kila kitu na hudai chochote tena. Kama unalazimika kutia sahihi ili upokee fungu la kwanza, andika kwa mkono wako juu ya sahihi: "Nimepokea kiasi hiki tu, madai mengine bado." Piga picha kwa simu kabla karatasi haijatoka mezani.

Mko 26. Mwajiri akiondoa watu 10 au zaidi ndani ya miezi mitatu kwa sababu za kiuchumi, anatakiwa kumwandikia Kamishna wa Kazi aeleze sababu, idadi na muda, na chama cha wafanyakazi kama kipo kipewe taarifa. Uliza barua hiyo iko wapi. Kiinua mgongo nacho usikihesabu bado kana kwamba kiko benki. Sheria inakitoa kwa hali maalumu, mojawapo ikiwa ni kuachishwa isivyo haki, na kiasi chake ni cha kujadiliana. Tazama barua yako ya ajira na makubaliano ya chama, huenda huko kuna fomula.

Na sasa jambo ambalo katika miaka yangu yote ya kesi za kazi ni wachache mno waliokuja wakilijua: nauli ya kurudi kwenu. Mfanyakazi aliyeajiriwa kwenda kufanya kazi zaidi ya kilomita 100 kutoka nyumbani kwake ana hali kadhaa ambazo mwajiri lazima amrudishe kwa gharama yake. Lakini wewe huhitaji hata kubishana juu ya kilomita. Aliyetumikia miaka 10 au zaidi anarudishwa kwa gharama ya mwajiri, popote alipoajiriwa. Na kama kampuni ndiyo iliyoileta familia yako, nayo inarudishwa pamoja nawe. Kutoka Mityana hadi Arua, na vitanda, na magodoro, na baiskeli, na cherehani ya mama watoto, hilo ni Fuso zima, si tiketi ya basi. Watu hukodi lori kwa pesa za kukopa, kisha wananiuliza baada ya miezi minane kama wanaweza kudai. Dai kabla ya kupakia. Andika ombi, ambatisha makadirio ya mwenye lori. Wakikataa, ukasafiri kwa pesa yako, tunza risiti.

Umri wako 43, NSSF haikufungukii. Pesa hutoka ukifika 55. Au 50 ukiwa umekaa bila kazi mwaka mzima. Au 45 ukiwa umechangia miaka 10, na hapo ni hadi asilimia 20 tu. Kukosa kazi peke yake si sababu. Huyo jamaa wa senta ataweza kukutolea namna gani? Atabadilisha mwaka wako wa kuzaliwa au atakutafutia barua ya daktari kwamba umelemaa. Siku itakapogundulika, karatasi ya uongo itakuwa na jina lako, la kwake halimo. Cha maana kwako sasa ni kuomba taarifa ya akaunti yako na kuipitia mwezi kwa mwezi: asilimia 5 yako uliyokatwa na asilimia 10 ya mwajiri, zote zilifika? Ukiona miezi imeruka, hilo ni dai jingine, na NSSF wenyewe wanamfuata mwajiri.

Kwa nini nakukimbiza hivi? Kwa sababu anayelalamikia kuachishwa isivyo haki ana miezi mitatu tu ya kufika kwa afisa wa kazi, kuanzia siku ya kuachishwa. Miezi mitatu hiyo ndiyo watu wanayoimaliza wakilinda nyumba.

Alikuja kwangu mzee mmoja, mlinzi wa zamani wa shamba jingine ambalo sitalitaja. Alikuwa na daftari la shule la kurasa 96, ndani ameandika kila pesa aliyompa mtu wa "faili la kibanja": 50,000, 120,000, 30,000 ya "mafuta ya pikipiki", nyingine ya "soda ya afisa". Alikaa kwenye chumba chake miezi mitano. Mwezi wa pili walikata umeme. Mwezi wa nne walikuja vijana na ngazi, wakaezua mabati huku yeye amekaa kwenye godoro anawatazama. Nilipomuuliza barua ya kuachishwa, akaitoa ndani ya mfuko wa kaveera, safi kabisa, haijaguswa. Alikuwa na haki ya notisi ya miezi mitatu, likizo ya miaka miwili na nauli ya kwenda Gulu. Ilibidi nianze kwa kuomba tuongezewe muda na kueleza kwa nini tumechelewa. Mwenye mkoba wa karatasi, simu yake haikupatikana tena.

Watu hawa wako kila mahali pa kazi yenye nyumba: mashamba ya miwa, shule za bweni, kambi za walinzi. Hawauzi sheria. Wanauza hofu ya kulala nje, na bei yake hupanda kila usiku unaopita. Wengine wana mhuri, wengine wana tai. Mmoja ana hadi kitambulisho chenye nembo ya mizani alichochapisha barabara ya Nasser, Kampala, kama unavyochapisha kadi ya harusi. Kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi hakuna ada. Na ukihitaji wakili huna pesa, kuna msaada wa bure wa chama cha mawakili, na FIDA, chama cha mawakili wanawake, kwa akina mama. Waulize ofisi iliyo karibu nawe.

Kwa hiyo Jumatatu uende ofisi ya kazi ya wilaya Mityana. Beba barua ya ajira, barua ya kuachishwa, karatasi za mshahara ulizonazo, taarifa ya NSSF na nakala ya ombi la nyumba. Nendeni pamoja, watano au sita kati ya hao 26, lakini kila mmoja na malalamiko yake yaliyoandikwa, kwa kuwa miaka yenu ya kazi hailingani. Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Huyo jamaa akikuuliza umefikia wapi, muombe risiti ya zile 400,000 kabla hujatoa hata senti, uone kama ataiandika.