Fundi wa sola anauliza: nianzishe blogu, na gharama zake ni zipi?

SWALI: Mimi ni fundi wa umeme wa jua hapa Lubumbashi, katika komini ya Ruashi, na kazi hii nimeifanya kwa miaka saba. Kila siku wateja huniuliza maswali yale yale juu ya betri na paneli, nami huwajibu kwa sauti kwenye WhatsApp hadi usiku. Rafiki yangu amenishauri nianzishe blogu. Anasema kuanza ni bure, na kwamba baada ya miezi michache matangazo ya Google yatanilipa. Je, ni kweli? Nianzie wapi, niandike kwa lugha gani, na ni gharama zipi ambazo watu hawazitaji mwanzoni?

JIBU: Ndugu fundi, rafiki yako amekuambia jambo moja la kweli na jingine litakalokuvunja moyo ukiliamini. Ni kweli kwamba blogu huanzishwa bila kutoa hata franga moja. Kwamba matangazo yatakulipa baada ya miezi michache, hilo si kweli, na naomba nianze nalo, kwa sababu nimewaona watu hodari wakiacha kuandika mwezi wa nne, wakiwa bado wana mengi ya kusema, kwa kuchoka kungojea fedha ambazo hazikuwa njiani.

Mpango wa matangazo wa Google uitwao AdSense, ulioanza mwaka 2003, haumlipi mwenye blogu mpaka mapato yake yafikie dola 100 za Marekani. Tufanye hesabu ya mfano tu: ikiwa kila kurasa 1,000 zinazosomwa zinakuingizia dola 1, basi kurasa 100,000 zitahitaji kusomwa ndipo upate malipo yako ya kwanza. Kisha kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma barua kwa posta yenye namba ya kuthibitisha anwani yako, na ukikaa miezi minne bila kuiingiza namba hiyo, matangazo husimamishwa. Kwetu hapa barua haiji mlangoni, na anwani ya nyumba mara nyingi ni maelezo ya njia: nyuma ya kanisa, lango la bluu, uliza kwa mama wa makaa. Kwa hiyo anayetaka kujaribu njia hiyo ahakikishe kwanza kwamba ana sanduku la posta ambalo barua hulifikia kweli.

Wewe lakini una njia bora kuliko hiyo. Fedha ya blogu ya fundi hutoka kwa mteja aliyesoma maelezo yako usiku, akaelewa kwa nini betri ya bei rahisi ilimfia mapema, na asubuhi akakupigia simu akiwa hahitaji tena kushawishiwa. Mteja mmoja wa namna hiyo anayefungiwa mtambo kamili huzidi matangazo ya mwaka mzima. Ndiyo sababu namba yako ya simu na komini unazofanyia kazi lazima zionekane juu na chini ya kila ukurasa, na wala zisifichwe kwenye ukurasa mmoja wa mawasiliano ambao watu hawaufungui.

Kabla hujafungua chochote kwenye intaneti, chukua daftari, rudi nyuma kwenye WhatsApp yako miezi mitatu, na uandike kila swali uliloulizwa, kwa maneno yale yale aliyoyatumia mteja. Ukipata maswali ishirini yanayotofautiana, una kazi ya karibu miezi mitano kwa makala moja kwa wiki, na blogu inakufaa. Ukipata sita tu, ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri utakutosha, na nisingependa ubebe mzigo wa blogu kwa ajili yake. Daftari hilo ndilo mtaji wako, na nalisema hili kwa moyo wote, kwa kuwa watu wengi huja kwangu wakiwa wamechagua rangi na nembo, nami nikiwauliza makala ya tatu itahusu nini, wananyamaza.

Kuhusu mahali pa kuiweka, shauri langu ni Blogger, huduma ya kutengenezea blogu iliyoanza mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003. Haidai malipo, hukupa muunganisho salama wa https bila gharama, nawe huna seva ya kutunza, yaani kompyuta inayohifadhi blogu na kuituma kwa wasomaji. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, ina uwezo mkubwa zaidi, na programu yenyewe ni huria. Lakini ukiisimika kwenye seva unayoikodi, kodi ya seva, masasisho na ulinzi dhidi ya wavamizi vyote vinakuwa juu yako. Kodi hiyo huanzia dola chache kwa mwezi, tena angalia vizuri bei ya mwaka wa pili, kwani ile inayotangazwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza tu. Ukurasa wako wa Facebook usiuache, maana ndipo watu walipo, lakini jibu ulilolitoa pale siku ya Jumatatu huwa limezama kufikia Ijumaa, na mtu atakayelihitaji mwakani hataliona.

Gharama moja ninayokusihi uilipe tangu mwanzo ni ile ya jina la kikoa, yaani anwani yako mwenyewe. Jina linaloishia na .com hugharimu takriban dola 10 hadi 15 kwa mwaka. Lipo pia .cd, ambalo ni la nchi yetu tangu mwaka 1997, lilipochukua nafasi ya .zr ya wakati wa Zaïre, ila ulizia bei kwanza, kwa sababu mara nyingi huwa juu zaidi. Utahitaji kadi ya Visa au Mastercard. Kadi ya benki ya kulipia kabla inatosha. Blogger hukuruhusu kuunganisha jina lako bila kulipia zaidi, na faida yake utaiona siku ya kuhama. Google imewahi kufunga huduma zilizopendwa, kama Google Reader mwaka 2013 na Google+ ya watu binafsi mwaka 2019. Siku ikifika ya kuondoka Blogger, utahamisha vitu vyako na kubaki na anwani ile ile.

Jina hilo liandikishwe kwa barua pepe yako na kwa jina lako, hata kama kijana anayekusaidia ni mtoto wa dada yako. Alinijia mama mmoja anayeuza vifaa vya ujenzi, ambaye tovuti yake ilizimika ghafla. Aliyemtengenezea alikuwa ameliandikisha jina kwa barua pepe yake mwenyewe, kisha akahama mji na simu yake haikupatikana tena. Jina la .com likiisha muda, mwenyewe kwa kawaida hupewa wiki kadhaa za kulihuisha kwa bei ile ile. Kisha hufuata siku 30 ambazo kulikomboa kunagharimu mara nyingi ya bei hiyo. Kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, na baada ya hapo yeyote anaweza kulinunua. Barua zote za kumkumbusha zilikwenda kwenye sanduku la yule kijana, ambalo mama hakuweza kulifungua. Anwani ile ilikuwa imechorwa kwa rangi nyekundu kwenye ubavu wa lori lake, na ilibidi aipake rangi juu.

Sasa nije kwenye picha, kwa sababu katika kazi yako picha ndizo zitakazoamua kama utasomwa. Picha moja inayotoka kwenye simu janja ya leo ina uzito wa megabaiti 3 hadi 5. Ukiweka picha sita za megabaiti 4 kama zilivyo kwenye makala moja, ukurasa unafika megabaiti 24, na msomaji wa Katuba aliyenunua mega 100 kwa siku atakuwa amepoteza karibu robo ya kifurushi chake kwa kukusoma mara moja. Hatarudi, wala hatakuambia kwa nini. Punguza upana wa kila picha hadi pikseli 1,200, uihifadhi kwa ubora wa asilimia 80 hivi, na mara nyingi itashuka hadi kilobaiti 150 au 200 bila macho kuona tofauti. Picha sita zitakuwa na uzito wa megabaiti moja, pengine na kidogo. Tovuti iitwayo Squoosh hufanya kazi hiyo bure ndani ya kivinjari.

Lipo pia jambo la usalama ambalo fundi wa sola hapaswi kulipuuza. Kamera ya simu ikiruhusiwa kutumia mahali ulipo, huandika ndani ya faili la picha namba zinazoonyesha mahali pale hasa kwenye ramani, nazo zinaweza kubaki humo hata picha ikiwekwa kwenye intaneti. Ukiweka picha ya paneli nane mpya na betri za mteja wako, unaweza kuwa umemchorea mwizi ramani hadi kwenye paa. Zima kipengele cha mahali kwenye kamera kabla hujapiga picha, usionyeshe namba ya nyumba wala lango, na mwombe mteja ruhusa kila mara. Picha za wengine usizichukue kwenye intaneti na kuziweka kama zako. Sheria ya haki za mwandishi ya nchi yetu ni ya tangu 1986, na zaidi ya sheria, mteja atatambua haraka kwamba ile si kazi ya mikono yako. Soma pia, au usomewe na anayejua sheria, kanuni za mwaka 2023 kuhusu mambo ya kidijitali, hasa kabla ya kuandika kwamba duka fulani linauza betri bandia.

Makala yenyewe iweje? Chukua swali moja na ulijibu hadi mwisho kwa hesabu. Mteja anauliza: betri yangu ya volti 12 na ampea-saa 100 itawasha friji kwa saa ngapi delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ikianza? Usimjibu kwamba inategemea. Mwonyeshe: 12 mara 100 ni wati-saa 1,200. Ikiwa betri ni ya risasi na asidi, isitumiwe zaidi ya nusu, kwa hiyo zimebaki 600. Inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, hula sehemu yake. Tukisema asilimia 15, zinabaki 510. Friji inayotumia wastani wa wati 60, ukihesabu kuwaka na kuzima kwake, itakwenda kwa muda wa saa nane na nusu. Kisha mweleze kwamba betri iliyochoka au friji inayofunguliwa ovyo itapunguza saa hizo, na umwonyeshe jinsi ya kuweka namba za friji yake. Makala ya namna hiyo haichakai, na inafanya kazi wakati wewe uko juu ya paa.

Andika kwa Kiswahili, kwa sababu mafundi wengi wameshaeleza mambo haya kwa Kifaransa na bado wateja wako wanakuuliza wewe. Hata hivyo, zingatia maneno wanayoyatafuta. Mteja wako hasemi paneli, anasema pano. Inverta anaiita konvertisere, na anapotafuta kwenye Google huandika neno hilo kwa tahajia ya Kifaransa. Basi kila makala iwe na maneno hayo angalau mara moja, kwenye kichwa cha habari au aya ya kwanza, na kichwa kiwe swali lenyewe kama alivyoliuliza. Isajili blogu kwenye Search Console ya Google, ambayo ni bure, na itakuonyesha watu waliandika nini kabla ya kukufikia. Miezi ya mwanzo namba zitakuwa ndogo sana. Ni hali ya kawaida kwa anwani mpya, nawe usizitazame kila siku.

Gharama ambayo watu hawaitaji ni saa. Makala ya maneno 800, pamoja na picha na kukagua hesabu, hunichukua mimi saa tano au sita, na ninaandika kila siku. Wewe unayerudi jioni na vumbi la paa utahitaji zaidi mwanzoni. Usingoje umeme na kompyuta: andika kwenye simu bila intaneti, katika programu ya kawaida ya maandishi, kidogo kidogo ukimngojea mteja, na uunganishe tu wakati wa kuchapisha. Zile sauti ndefu za WhatsApp zisikilize upya, kwa kuwa humo umeshaeleza vizuri kuliko utakavyoeleza ukikaa kwa ajili ya kuandika. Andaa makala nne kabla ya kutangaza blogu, ili wiki ya mtambo mkubwa au ya msiba isiiache tupu. Makala kuhusu betri zisizojaa ichapishwe Oktoba, kabla mawingu ya msimu wa mvua hayajaanza kuwaletea watu shida hiyo.

Mwisho, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti ya Google inayoshika blogu, na zile namba za dharura zinazotolewa uziandike kwenye karatasi uiweke nyumbani, maana simu ikiibwa nawe huna karatasi hiyo, unaweza kufungiwa nje ya blogu yako mwenyewe. Kila mwezi pakua nakala rudufu ya makala kutoka kwenye mipangilio ya Blogger. Picha za asili zitunze kando, kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta, usitegemee kwamba zimo ndani ya nakala hiyo. Ukishaandika ile makala ya friji, nitumie kabla ya kuichapisha. Nitaikagua upande wa uzito wa ukurasa na vichwa vya habari, na hesabu za umeme nitakuachia wewe.