Nikikataa ataona simwamini

Kuna dada wa Mbagala kaniandikia. Ana shoga yake wa miaka 11, wanaimba kwaya moja, na ndo aliyelala naye hospitali siku anajifungua. Huyo shoga kamuingiza kwenye uwekezaji wa kwenye simu, faida asilimia 30 kila mwezi. Aliweka laki 2, mwezi ulipoisha ikaingia elfu 60 kweli. Sasa anaambiwa aweke milioni 1 na nusu, na hiyo ni ada ya mtoto ya Januari. Anasema "Shangazi, moyo unasita ila nikikataa ataona simwamini."

Mdogo wangu, umejijibu mwenyewe humo humo kwenye barua, umeandika ukurasa mzima kuhusu wema wa shoga yako na hakuna hata mstari mmoja unaosema hiyo kampuni inauza nini. Unayemwamini ni yeye, biashara huijui. Na yeye kuna mtu alimwamini hivyo hivyo, wala simwiti tapeli, naona anaamini kabisa kuliko hata wewe na ndo maana anashawishi vizuri hivyo.

Ile elfu 60 ndo iliyokulegeza. Kuna tapeli mmoja aliitwa Ponzi, kule Boston Marekani, mwaka 1920 alikuwa anaahidi asilimia 50 kwa siku 45, na wa mwanzo aliwalipa kweli, kwa hela za waliofuata nyuma yao, halafu hao waliolipwa ndo wakawa matangazo yake. Na sisi tulikuwa na DECI, nadhani mwaka 2009 ulikuwa bado mdogo, watu wanatoa hela, wanaita kupanda mbegu, wanasubiri mavuno, viongozi wenyewe wachungaji, sasa nani angemuuliza mchungaji mahesabu? Waliishia mahakamani.

Hebu piga hesabu, asilimia 30 kwa mwezi ukiiacha izae tu mwaka mzima, milioni 1 inakuwa milioni 23. Mtu mwenye biashara ya hivyo angeenda kukopa benki kimyakimya, wewe mwimba sauti ya pili angekutafutia nini jamani.

Na usije ukaniambia mbona mchezo wetu wa mtaani tunaaminiana na hakijaharibika kitu. Mchezo watu 10 kila mtu elfu 50, zamu yako unabeba laki 5, ndo hiyo hiyo uliyochanga, haijazaa hata shilingi, na kijumbe unajua anapokaa. Pale uaminifu una kazi moja tu, watu wasikimbie baada ya kupokea. Huko kwenye simu uaminifu unatakiwa uzalishe hela, hiyo kazi hauiwezi.

Sasa Jumapili utamwambiaje. Usianze na "huo ni utapeli", atakununia na atatetea zaidi. Mwambie ada haiguswi, mmeshakubaliana na baba mtoto (kama hayupo basi msingizie mjomba, hapo nakuruhusu). Halafu muombe kitu kimoja, mtoe hela zenu zote siku hiyo hiyo, mtaji na faida, mkiwa mmekaa pamoja. Akiambiwa asubiri siku 14, au alipie kwanza ada ya kutolea, hapo usiseme neno, muache asome mwenyewe.

Akikununia mwezi mzima ni sawa. Usimkimbie lakini, maana hiyo kitu ikifungwa atakuwa amewaingiza nusu ya kwaya na hatakuwa na wa kumpigia simu usiku.