Kwa mchezaji anayetaka kushika maikrofoni

Wadogo zangu mnaotundika viatu na kukimbilia redioni, hapa Lubumbashi jina la uwanjani linawafungulia mlango siku ya kwanza tu. Mimi nilicheza kiungo, goti likaharibika, nikaitwa studio kutangaza mechi. Nilidhani kazi ni kuujua mpira. Kesho yake baada ya mechi yangu ya kwanza, mama mmoja anayeuza unga wa mahindi soko la mtaa wa Kenya hapa mjini, ambaye husikiliza redio ya betri kwa vile umeme hukatika, akaniita: "Mwanangu, kila saa unasema 'ona vile, ona vile'. Mimi ninaona wapi?"

Tangu siku ile ninaanza na mpira uko wapi: upande gani, nani anao, anaelekea lango la nani. Matokeo na dakika ninarudia mara kwa mara, maana kuna aliyefungua redio sasa hivi. Winga akipiga krosi, nasema ni kwa mguu gani na beki alikuwa amesimama wapi. Ndipo useme kwa nini. Hapo kwenye "kwa nini" ndipo urithi wetu ulipo: unajua beki wa kushoto amechelewa kurudi kwa sababu nawe uliwahi kuishiwa pumzi dakika ya 80. Semeni kwa ufupi, mpira haungoji.

Msione haya kuanzia chini. Gary Lineker, mshambuliaji wa England, alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Dunia 1986 kwa mabao 6. Alistaafu 1994, akapitia redio na uchambuzi, na ni 1999 ndipo alipokabidhiwa kipindi kikuu cha mpira cha BBC.

Siku ya Mazembe na Lupopo ndiyo ngumu kupita zote. Timu zote mbili ni za hapa mjini, zilianzishwa 1939, na kuna nyumba ambamo baba yuko huku na mtoto yuko kule. Watu wanakumbuka ulivaa jezi gani, watasikiliza hata pumzi yako bao likiingia. Nilijirekodi kwa simu, nikasikiliza usiku: bao moja nimelipigia kelele hadi sauti ikakauka, jingine nimelitaja na kupita. Iliniuma. Jirekodini kila mechi.

Na ile pesa ya kiongozi wa timu baada ya mechi, tunayoiita coupage, inaanza polepole kukuchagulia maneno. Mshahara ni mdogo, najua, nimeuishi. Afadhali kufundisha watoto mpira asubuhi.

Majina nayo: timu ikitoka Angola au Aljeria, nendeni mazoezini siku moja kabla, mwulizeni mchezaji mwenyewe jina lake linatamkwaje. Andikeni kando ya namba ya jezi, kwa herufi kubwa, jinsi mnavyolisikia. Taa zikizimika bado mtalisoma kwa mwanga wa simu.