Maswali ya Wasomaji: Kiingereza cha Kumpa Mtu Mmoja Mamlaka

SWALI: Nataka kuandika barua kwa Kiingereza ili ndugu yangu anichukulie vyeti ofisini. Mmoja kaniambia niandike "appoint", mwingine "delegate", wa tatu "authorise". Nishike lipi?

JIBU: Kwa kazi hiyo shika "authorise". Kitenzi hiki hutoa ruhusa ya kufanya jambo lililotajwa, na ndicho ambacho karani anakitafuta kwenye barua yako. Mpangilio wake ni mtu, halafu "to", halafu kitenzi: "I authorise X to collect my certificates on my behalf." Wengi huteleza kwa kuandika "authorise him for collecting", au "I give him authorise". Jina linalotokana na kitenzi hiki ni "authorisation", na mamlaka yenyewe huitwa "authority". Wamarekani huandika "authorize" kwa z, na hata Uingereza z inakubalika. Kosa ni kuchanganya s na z katika barua moja.

"Appoint" humpa mtu nafasi kwanza, kisha mamlaka huja pamoja na nafasi hiyo. Kwa hiyo kwa kawaida hufuatwa na jina la nafasi: "I appoint X as my agent", au "to be my agent". Kwa kuchukua vyeti tu, neno hili ni zito kupita kazi. Hati kubwa hutumia yote mawili kwa mfuatano: "I appoint X as my agent and authorise him to sell the vehicle and receive the price." Hapo hakuna neno la ziada. La kwanza linasema X ni nani kwako, la pili linasema anaweza kufanya nini. Na tazama "receive the price": idhini ya kuuza si lazima ibebe idhini ya kupokea fedha. Hati za namna hii husomwa kwa ubahili, na kisichotajwa huhesabiwa hakikutolewa.

"Delegate" ni kukasimu. Unachokitoa ni kazi au madaraka uliyonayo tayari, kwa hiyo mara nyingi kitu hutangulia mtu: "The manager delegated the signing of invoices to her deputy." Meneja amekasimu kazi, lakini bado anawajibika kwa matokeo yake. Kanuni ya kisheria inasema aliyekasimiwa hawezi kukasimu tena bila ruhusa. Ukitaka mwakilishi wako aweze kumtuma mtu mwingine, sema wazi: "with power to appoint a substitute". Usipotaka, nyamaza, au ongeza "This authority may not be delegated."

Majirani wa maneno haya wana mitego yao. "Entrust", yaani kukabidhi kwa kuamini, hukubali njia mbili, "entrust X with the keys" na "entrust the keys to X", lakini "entrust X the keys" ni kosa. "Vest", yaani kuweka mamlaka mikononi mwa mtu au chombo, ni la katiba na sheria: "power is vested in the Board". Kwenye barua ya vyeti litachekesha. "Mandate" ndilo la kuogopwa zaidi, kwa sababu msomaji wa Kimarekani akiona "I mandate my sister to sign" ataelewa kwamba umemlazimisha dada yako kutia saini, wala si kwamba umemruhusu.

SWALI: "Nominate" na "appoint" si kitu kimoja?

JIBU: Kwa kawaida hapana. "Nominate" ni kupendekeza jina, na uamuzi unabaki kwa mwingine. Mtu huwa "nominated", kisha "appointed" au "elected". Fomu za pensheni na bima ni tofauti kidogo: "nominate a beneficiary" ni kutaja atakayelipwa, basi jaza kama fomu inavyosema. Ukikuta "ambassador designate", huyo keshachaguliwa ila hajashika ofisi.

SWALI: Tunaandika mkataba na mtu mmoja awe mwakilishi wetu pekee wa mauzo. Tuandike "sole", "only", "single" au "exclusive"?

JIBU: Hapa fedha hupotea kwa sababu ya neno moja, kwa hiyo tulieni.

Katika Kiingereza cha biashara, "sole agent" kwa kawaida maana yake ni kwamba hamtamteua wakala mwingine, lakini ninyi wenyewe mnabaki na haki ya kuuza. "Exclusive agent" huenda mbali zaidi: hata ninyi mmejifungia mlango, na mteja akiwajia moja kwa moja, huenda mkadaiwa kamisheni. Tatizo ni kwamba si wote wanaotofautisha hivyo, na pia kuna wanaoandika "sole and exclusive" kwa kupenda mdundo, halafu wagomvi wakaibuka na tafsiri mbili. Mahakama nazo husoma mkataba mzima, si neno moja. Dawa ni kuandika tendo lenyewe: "The Company shall not appoint any other agent in the Territory." Kama mnakusudia kujifungia, endeleeni: "and shall not itself sell the Products in the Territory." Mkishaandika hivyo, lebo mtakayoipachika haina madhara makubwa. Kumbukeni pia kueleza maana ya "Territory" na "Products", la sivyo mmehamisha ugomvi tu.

"Single" huhesabu, haiteui. Inafaa katika kanuni: "Each member shall appoint a single representative", yaani mmoja, si wawili. Ukiandika "X is my single representative", msomaji anaweza kudhani unamsifu kwa kutooa.

"Only" ni sahihi ila hutangatanga. "I authorise only X to sign" ni X peke yake. "I authorise X only to sign" ni X atie saini tu, asifanye jingine. "I only authorise X to sign" inaweza kuwa yoyote kati ya hizo. Kwa barua ya kawaida tunapendelea "my sole representative in this matter": "sole" hukaa mbele ya jina na haihami, na "in this matter" huweka mpaka.

Na mkihitaji mtu wa akiba bila kuwa na wawakilishi wawili kwa wakati mmoja, fomu za mikutano ya kampuni zina maneno mazuri: "I appoint X or, failing X, Y as my proxy." "Proxy" ni anayehudhuria na kupiga kura kwa niaba yako, na "failing X" ni endapo X hatapatikana au hatakubali.

SWALI: Natia saini barua za bosi wangu. Niandike "p.p." au "for and on behalf of"?

JIBU: "P.p." ni kifupi cha maneno ya Kilatini "per procurationem", na ina vurugu yake. Desturi ya zamani huiweka mbele ya jina la anayetia saini. Siku hizi wengi huiweka mbele ya jina la bosi. Asomaye hajui umefuata ipi. Barua ya kawaida itavumilia. Mkataba au hundi havivumilii.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu hati za malipo inasema saini ya aina ya "p.p." ni onyo kwamba aliyetia saini ana mamlaka yenye mipaka. Sheria hiyohiyo inasema kujiita "agent" chini ya saini hakukuokoi peke yake: unaweza kudaiwa wewe binafsi. Linalokuokoa ni kuonyesha kwamba umesaini kwa niaba. Basi andika "For and on behalf of", kisha jina kamili la kampuni, kisha saini, kisha jina lako na cheo. Usichanganye na "on the part of", ambayo husema jambo limetoka kwa nani: "a mistake on the part of the bank".

SWALI: Aliyetajwa kwenye "power of attorney", yaani hati ya kumpa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba yako, lazima awe mwanasheria?

JIBU: Hapana. "Attorney" hapo ni yeyote uliyemteua. Marekani humwita "attorney-in-fact" au "agent", na mwanasheria ni "attorney-at-law". Anayetoa mamlaka ni "donor" Uingereza, "principal" Marekani. Hati ya kawaida hufa mtoaji akipoteza uwezo wa akili. Inayobaki hai huitwa "durable" Marekani, na "lasting" huko England na Wales tangu 2007. Wingi wake ni "powers of attorney".

SWALI: Nikitaka kumvua mamlaka, niandike "cancel"?

JIBU: Mamlaka huwa "revoked". "Cancel" ni ya oda na miadi, "terminate" ni ya mkataba, na muda ukiisha wenyewe mamlaka huwa "expired". Andika: "I hereby revoke the authority given to X in my letter dated", kisha tarehe. Nakala moja mpe X, nyingine zipeleke kwa kila ofisi iliyopokea barua ya kwanza. Ofisi isiyopata taarifa ikiendelea kushughulika naye kwa nia njema, aliyoyafanya yanaweza kukubana wewe. Dai pia barua ya awali irudishwe: "Please return the original." Na kama alishavuka mpaka lakini matokeo unayapenda, kuna "ratify", yaani kuridhia baadaye. Fanya hivyo kwa maandishi, ukitaja tendo hilo moja tu.