Viungo vya Pyramid vinapogandana na namba ya poti

Swali: Natengeneza tovuti ya habari kwa Pyramid (fremu ya Python ya kutengeneza tovuti) na SQLAlchemy (maktaba ya Python ya kushughulikia hifadhidata), natumia mti wa rasilimali, yaani kila kipande cha anwani ni kitu kilicho chini ya kingine. Makala inafunguka vizuri kwa /makala/mvua-za-vuli. Pembeni nimeweka orodha ya makala za karibuni, kila moja na kiungo cha `request.resource_url()`. Cha ajabu, kiungo cha makala iliyofunguliwa kiko sawa, ila vingine vyote vinatoka hivi: `http://localhost:6543bei-ya-korosho/`. Seva haitoi kosa lolote. Nimekosea wapi?

Jibu: Safu zako za pembeni (rekodi za makala kutoka hifadhidata) hazina mzazi. Iliyofunguliwa inaye, kwa kuwa imepitia `__getitem__` (mbinu inayotafuta mtoto kwa jina) ya kabati lake, yaani kile kitu cha `/makala` kinachobeba makala zote. Zile nyingine umezivuta moja kwa moja kutoka kwenye hifadhidata, na hakuna aliyeziambia ziko chini ya nani.

Ndani ya Pyramid, kushuka mtini na kupanda ni kazi mbili zisizojuana. Ombi likiingia, Pyramid huanzia kwenye mzizi, huchukua vipande vya njia kimoja baada ya kingine na kuita `__getitem__`. Hapo `__parent__` (mzazi wa kitu) na `__name__` (jina lake) hazitazamwi kabisa. Anayezihitaji ni `resource_url`: husoma `__name__` ya kitu ulichompa, hupanda kwa `__parent__`, husoma jina la mzazi, na kuendelea hadi akutane na `None` au kitu kisicho na `__parent__`. Majina hayo huyaunganisha kwa mkwaju (`/`), na harudi chini kuhakikisha kwamba njia hiyo inafika popote.

Mkwaju wa kwanza, ule unaofuata 6543, unatokana na jina tupu la mzizi. Safu isiyo na mzazi huhesabiwa kuwa ndiyo mzizi. Jina lake si tupu, basi linabandikwa palepale kwenye poti. Utaona kitu hichohicho ukiupa mzizi halisi jina kama `'mzizi'`. `__name__` ya mzizi iwe `''` au `None`, na `__parent__` yake iwe `None`.

Na kwa nini kiungo kimoja kilipona? Ndani ya sesheni moja (kipindi kimoja cha kazi na hifadhidata), SQLAlchemy hurudisha kitu kilekile kwa safu ileile. Makala iliyofunguliwa ilipotokea tena kwenye orodha, ilikuja na `__parent__` iliyokwishawekwa. Ndiyo maana kosa hili hujificha: ukijaribu na makala moja tu kwenye hifadhidata, kila kitu kinaonekana salama.

Dawa ni kulifanya kabati liwe mlango pekee wa kutolea safu:

```python
class Kabati:
    def __init__(self, mzazi, jina, db):
        self.__parent__ = mzazi
        self.__name__ = jina
        self.db = db

    def _funga(self, safu):
        safu.__parent__ = self
        return safu

    def __getitem__(self, jina):
        safu = (self.db.query(Makala)
                .filter_by(jina_fupi=jina).first())
        if safu is None:
            raise KeyError(jina)
        return self._funga(safu)

    def za_karibuni(self, idadi=10):
        orodha = (self.db.query(Makala)
                  .order_by(Makala.id.desc()).limit(idadi))
        return [self._funga(s) for s in orodha]
```

Kwa kuwa jina la makala lilitokea kwenye kiungo, naona klasi yako ya `Makala` tayari ina `__name__` inayorudisha `jina_fupi`. Iache hivyo. Ukurasa wowote unaotaka orodha uiombe kwa `za_karibuni`, usiandike `db.query` yake pembeni.

Usiipuuze ile `raise KeyError`. Ukirudisha `None`, Pyramid itaichukua kuwa ndiyo rasilimali iliyopatikana, na vyu yako (msimbo unaotengeneza jibu la ombi) inaweza kupokea `None`. Ukibadili jina kuwa namba kwa `int(jina)`, mtu akaandika herufi, `ValueError` itapita moja kwa moja na kuleta kosa la 500 badala ya 404. Ikamate, kisha utoe `KeyError`.

Majina nayo yana mitego. Vipande vya njia hufika vikiwa maandishi, hivyo dict yenye ufunguo `7` haitampata `'7'`. `__name__` ikiwa `None`, au namba 0, inageuka kuwa tupu: unapata `/makala//`, na kwa kuwa Pyramid huruka vipande vitupu, msomaji anabofya makala halafu anaishia kwenye orodha. Mkwaju ndani ya jina usiuruhusu kabisa. `resource_url` huuandika `%2F`, lakini seva huufungua kabla ya Pyramid kuanza kushuka, na jina moja linakuwa vipande viwili.

Ukitaka kiungo cha kuhariri, andika `request.resource_url(makala, '@@hariri')`. Alama `@@` inaiambia Pyramid kwamba hilo ni jina la vyu. Bila hiyo, mtoto mwenye jina `hariri` atatangulia.

Kuna hasara nyingine ambayo huenda hujaiona. Ruhusa za `__acl__` (orodha ya nani anaruhusiwa kufanya nini) hurithiwa kwa kupanda ngazi hizohizo za `__parent__`. Safu isiyo na mzazi wala `__acl__` yake hunyimwa kila kitu, kwa hiyo `has_permission('hariri', safu)` itakataa hata kwa mhariri mkuu. Kama vitufe vya kuhariri vilikuwa havionekani kwenye orodha, chanzo ni hikihiki.

Jaribio moja linatosha kulinda haya yote, nalo halihitaji seva:

```python
from pyramid.traversal import find_resource, resource_path

for m in mzizi['makala'].za_karibuni():
    assert find_resource(mzizi, resource_path(m)) is m
```

Safu isiyo na mzazi italeta `KeyError` hapo. Yenye jina tupu itarudisha kabati, na `is` itaikataa.

Yote hayo yakiwa sawa, halafu ukiweka Nginx (seva inayopokea maombi na kuyapitisha kwa programu yako) mbele viungo vikaanza na `http://127.0.0.1:6543`, usiuguse mti. Sehemu hiyo hutoka kwenye kichwa cha `Host`: weka `proxy_set_header Host $http_host;` na `proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;`. Kwa Waitress (seva ya Python inayoendesha programu ya Pyramid) ongeza `trusted_proxy = 127.0.0.1` na `trusted_proxy_headers = x-forwarded-proto`, la sivyo `https` haitaonekana kwenye viungo.