Kujaza Risasi za Bastola Nyumbani: Anza na Mashine ya Polepole

Wengi ninaokutana nao kwenye uwanja wa shabaha hapa Texas walianza kujaza risasi, yaani kutengeneza risasi mpya kwa maganda yaliyokwisha kupigwa, kwa sababu ya pesa. Mwaka 2020 na 2021 risasi na fataki (vile vidude vinavyowasha baruti) ziliadimika Marekani, bei zikapaa, kila mtu akatamani kujitegemea. Nami niliingilia mlango huohuo. Nikuambie mapema: hutaokoa kitu. Risasi mojamoja itakuwa ya bei nafuu kweli, ila utapiga nyingi zaidi, na vifaa navyo vina tabia ya kuzaana gerejini. Ingia kama unapenda kazi ya mikono inayotaka utulivu. Kama huipendi, nunua boksi dukani uende zako.

Sheria kwanza. Serikali kuu ya Marekani haidai leseni ukijaza risasi za kutumia mwenyewe. Ukitaka kuuza, hapo lazima uwe na leseni ya mtengenezaji. Majimbo nayo yana masharti yake. Na hili wenzetu wengi hawalijui: aliyeingia kwa viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama ya mwenye leseni ya uwindaji. Mwenye grini kadi ni habari nyingine. Ukirudi Kenya au Tanzania, hobi hii iache ulikoitoa. Kule kutengeneza risasi bila kibali cha serikali ni jinai.

Risasi nzima ni vitu vinne: ganda la shaba, fataki inayokaa kitakoni mwake, baruti, na kichwa kinachoruka. Ganda ndilo linalotumika tena, kwa hiyo okota yako mwenyewe kila ukimaliza kupiga. La chuma au la alumini liache. Chungulia ndani ya ganda: ukiona tundu moja katikati, sawa, sindano ya kalibu (kifaa cha mashine kinachonyoosha ganda) itaisukuma fataki nje. Ukiona vitundu viwili pembeni, hiyo ni fataki ya Berdan, tupa. Kichekesho ni kwamba Berdan alikuwa Mmarekani na mfumo wake ukashika Ulaya, huku ule wa Mwingereza Boxer ukitawala Marekani.

Sasa mashine. Wauzaji watakuonyesha ile ambayo kila ukivuta mpini inadondosha risasi iliyokamilika. Ni nzuri, lakini si yako kwa sasa. Inafanya mambo manne au matano kwa mkupuo, na mgeni hana macho manne. Chukua ya hatua moja: maganda yote unayanyoosha kwanza, kisha yote unayatia fataki, kisha baruti, kisha vichwa. Inachosha, na kwa mwendo huo ndipo unaelewa kila hatua inafanya nini.

Wanaoanza huwa nawaambia waanze na .38 Special, risasi ya bastola ya rivolva. Ganda lake limenyooka, na ukiwa na kalibu ya kabaidi, yaani madini magumu sana, huhitaji hata kulipaka mafuta. Lina hatari yake moja kubwa, hata hivyo. Lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19, wakati wa baruti nyeusi, ndiyo maana tumbo lake ni kubwa. Baruti ya siku hizi isiyo na moshi inafunika chini tu. Ukisahau ukamimina mara mbili, inaenea na nafasi inabaki, na bastola inaweza kupasuka mkononi mwako. Kwa hiyo kabla hujaweka kichwa hata kimoja, yasimamishe maganda yote kwenye kibao chake, washa tochi, pita moja moja. Kina cha baruti kiwe sawa kote. Lenye shaka limwage, upime upya.

Ganda lisilo na baruti kabisa ni balaa vilevile. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa mpaka ndani ya mtutu na kukiacha humo. Risasi inayofuata inakuta njia imezibwa. Ukisikia mlio hafifu uwanjani, au bastola isipokurusha mkono kama kawaida, simama hapo hapo. Toa risasi zote, kagua mtutu. Wenzako wakinung'unika kuwa unachelewesha zamu, wanung'unike.

Vipimo vya baruti vinatoka kwenye kitabu kilichochapishwa, cha kampuni ya Lyman, ya Hornady au cha watengenezaji wa baruti yenyewe. Havitoki kwa rafiki, wala kwenye video. Anzia kipimo cha chini kilichoandikwa, na usibadilishe fataki wala kichwa ukidhani ni kilekile. Kwenye risasi ya bastola ya 9mm, kukizamisha kichwa kupita urefu ulioandikwa, hata kwa kiasi kisichofika milimita moja, kunapandisha mgandamizo. Nunua kalipa ya kupimia urefu, usikadirie kwa jicho.

Mizani inapima kwa greni, na ratili moja ina greni 7,000, kwa hiyo upepo wa feni tu unaweza kukudanganya. Zima feni. Mezani liwepo kopo moja la baruti, si mawili, maana nyingi zinafanana kwa macho. Kilichobaki kirudi kwenye kopo lake siku hiyohiyo. Vaa miwani ya usalama unapoweka fataki, usile wala kuvuta sigara hapo, na unawe mikono ukimaliza: masizi ya fataki iliyopigwa yana madini ya risasi, na hayo ni sumu, hasa kwa watoto. Simu iache chumba kingine.

Mara ya kwanza jaza kumi tu. Andika kwenye boksi tarehe, baruti, kipimo na kichwa, kisha nenda uwanjani. Kagua kila ganda linalotoka: fataki iliyobapa kupita kiasi au ganda lenye ufa maana yake uache kupiga. Zote kumi zikitoka salama, rudi ujaze hamsini.