Tawi la mwembe wa jirani limetoboa paa

Ndugu, nimekuelewa: tawi la mwembe wa jirani limetoboa mabati yako, naye anasema ni kazi ya Mungu. Kabla fundi hajagusa paa, piga picha, hasa pale tawi lilipokatikia, kwa sababu mti mweusi uliooza ndani huonyesha kwamba hatari ilikuwepo muda mrefu. Kinachopima dai lako ni kama jirani alijua hatari hiyo, au alipaswa kuijua, asichukue hatua. Hivyo ujumbe wowote uliomwandikia kumwonya utunze sana. Mpelekee makadirio ya gharama kwa maandishi, kisha nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa. Jirani akikataa kulipa, muone wakili kuhusu mahakama. Nakusihi usiuangushe mwembe wake kwa hasira, maana mdaiwa utakuwa wewe.